Anzia kwenye sensa: kwa anayeanza kuiga mwanga mpotevu ndani ya lenzi

Mgeni wa kazi hii ya kuiga kwa kompyuta mwanga mpotevu, yaani mwanga usiotakiwa unaofika kwenye sensa (kipande cha kamera kinachopokea picha), huweka jua mbele ya lenzi, akarusha miale milioni kadhaa na kuiacha kompyuta ikeshe. Asubuhi anakuta nukta chache zimetapakaa kwenye sensa, asijue ni doa la kweli au bahati nasibu ya hesabu.

Anzia upande wa pili. Rusha miale kutoka kwenye sensa kurudi mbele, uone sensa inaona nini: ukuta wa bomba linaloshikilia vioo vya lenzi, kingo za vioo, pete za kushikilia. Kisha rusha kutoka kwenye jua, uone nini kinamulikwa. Kilichomo kwenye orodha zote mbili ndicho cha kushughulikia kwanza.

Madoa ya uakisi, yaani yanayotokana na mwanga kurudishwa na nyuso za vioo, ni rahisi zaidi kuyasaka. Kioo kisicho na utando (tabaka jembamba la kupunguza uakisi) huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, na doa huhitaji uakisi mara mbili. Nyuso 20 zinakupa jozi 190, kwa hiyo iache programu izipange kwa ukali wa mwanga unaofika kwenye sensa. Sensa nayo huakisi, kwa hiyo ihesabu kama uso mmojawapo.

Hapa kuna mtego. Programu hutupa miale iliyodhoofika ili kuokoa muda. Utando ukiakisi asilimia 0.5, mwale wa doa hubaki na 0.000025 ya nguvu yake ya awali. Kama kikomo cha kutupa ni 0.001, doa halitatokea kabisa, nawe utapeleka ripoti safi ya lenzi chafu. Kagua kikomo hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu rangi nyeusi ya ndani ya bomba, usiandike tu "inafyonza asilimia 95" ukaendelea. Namba hiyo kwa kawaida ni ya mwanga unaoipiga rangi wima au karibu na wima. Chukua bomba lililopakwa rangi hiyo, lielekeze upande wa taa, uchungulie sambamba na ukuta wake: unang'aa karibu kama kioo cha kujitazamia. Miale ya jua lililo nje kidogo ya fremu huingia kwa mlalo huohuo. Tafuta vipimo vya mtawanyiko vya pembe nyingi, hasa za kulalia. Ukuta ukiendelea kung'aa, mwombe mhandisi wa bomba achonge hesi (mistari ya skrubu) ukutani au aongeze pete za kukinga mwanga. Kubadilisha rangi mara nyingi hakufui dafu mbele ya pembe hizo.