Kabla ya kuisingizia graviti, kokotoeni joto

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kufuatilia njia za vyombo vya anga, kila kundi jipya linarudia lile lile. Mabaki ya Doppler (tofauti kati ya masafa ya redio yaliyopimwa na yaliyotabiriwa, yanayotuonyesha mwendo wa chombo) yakipinda kidogo, tayari mtu ameshaandika kanuni mpya ya graviti. Jamani, subirini.

1. Anzeni na chombo chenyewe. Pioneer 10, chombo cha NASA, iliruka 1972, Pioneer 11 ikafuata 1973. Zilipofika mbali zikaonekana zinavutwa kuelekea Jua kwa mchapuko wa ziada wa takriban 8.74 × 10⁻¹⁰ m/s². Mwanafizikia John Anderson na wenzake walipoutangaza mwaka 1998, nadharia zilimiminika. Joto lilitajwa mapema, kwa kuwa likitoka zaidi upande mmoja husukuma chombo upande mwingine, lakini likawekwa kando: plutoniamu, fueli ya jenereta za chombo, inapungua, ilhali mchapuko ulionekana haubadiliki. Hapo ndipo panaponiuma. Nusu uhai ya plutoniamu-238, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 87.7. Data zilizotegemewa zilikuwa za miaka kumi na moja na kitu, muda ambao joto hilo hushuka kwa asilimia 9 hivi, na kiwango cha kosa cha kipimo chenyewe kilikuwa asilimia 15! Mtu angeonaje mteremko huo?

Tena si joto jingi. Jenereta zilianza na wati 2,500 hivi za joto. Kwa chombo cha kilo 250, wati 65 zikielemea upande mmoja zinatosha. Antena ilitazama Dunia, na kutoka kule mbali Dunia na Jua viko upande mmoja. Sanduku la vifaa lilikuwa nyuma ya antena, likitoa joto lake upande wa pili, na lililogonga mgongo wa antena likarudishwa huko huko. Chombo kikasukumwa kuelekea Jua.

2. Tunzeni telemetria yote (data za hali ya chombo kinazotuma chenyewe), hata ya halijoto msiyoihitaji leo. Mwanafizikia Slava Turyshev na wenzake walilazimika kufufua rekodi za kanda za sumaku ndipo mwaka 2012 wakaonyesha kwamba joto linatosha kueleza mchapuko ule, na kwamba ulikuwa ukipungua.

3. Ulizeni kama Uranus na Neptuni nazo zinauhisi mvuto huo; kama ni graviti kweli, ingezivuta sayari hizo pia.

4. Msikimbilie Voyager, vyombo vingine vya NASA vya mbali, kutafuta ushahidi. Pioneer zilitulia kwa kuzunguka zenyewe, hazikuhitaji kufyatua injini mara kwa mara. Voyager hujirekebisha kila mara, na msukumo mdogo namna hii humezwa humo.