Mitindo ya maandishi nisiyoiomba

SWALI: Ndugu mjibu maswali, kila nikibadilisha rangi au ukubwa wa maandishi, programu yangu ya kutengeneza kurasa za wavuti inajiundia mtindo: style1, style2, na sasa nimefika style27. Nikiifuta, ukurasa unavurugika. Nifanyeje?

JIBU: Usifute kwanza. Kila jina hapo limeshikwa na aya fulani. Ukiliondoa, aya inapoteza sura yake. Hifadhi nakala, fungua msimbo, yaani maandishi ya HTML yanayounda ukurasa, utafute class="style1" uone inatumika wapi. Niliwahi kukabidhiwa kazi yenye mitindo 40 ya namna hii, na iliyotofautiana kweli ilikuwa mitatu tu! Inayofanana iunganishe kwa jina lenye maana, kama "maelezo-picha", kwa kutafuta na kubadilisha. Vichwa viwe h1 na h2, alama za HTML za kichwa kikuu na kichwa kidogo, sura yake ikae kwenye faili moja la CSS, lugha ya kupanga sura ya kurasa za wavuti. Lugha hiyo ilipitishwa mwaka 1996 kwa kazi hiyo hasa, kutenganisha maandishi na sura yake.

Ukinakili kutoka programu ya kuandikia nyaraka, bandika maandishi matupu. Uchafu mwingi huingilia hapo. Na kitufe cha rangi, nakusihi, kiache. Chagua mtindo uliokwisha kuupa jina.