Swali la lugha: Ndani ya mbwa kuna nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi Birmingham, Uingereza. Binti yangu ana mbwa wake anayemwandaa kwa maonyesho, na kila Jumanne jioni tunampeleka kwenye ukumbi wa kanisa ambako mbwa huzoezwa kutembea na kusimama mbele ya jaji. Waswahili wenzetu wawili watatu wamevutiwa, nikaona niwaandikie tangazo dogo. Nimeandika hivi: "Kituo cha Mafunzo ya Ndani ya Mbwa wa Maonyesho". Mke wangu kila akilisoma anacheka na hasemi kwa nini. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mkeo mnunulie khanga. Mimi nami nilicheka, halafu hasira zikanipanda, maana kosa hili si lako peke yako. Nimelivumilia miaka mingi kwenye mabango, kwenye taarifa za habari na kwenye barua za wasomi, na leo umenipa fimbo.

Hebu lisome tena tangazo lako kwa sauti, polepole, kama atakavyolisoma mtu asiyejua Kiingereza hata kidogo. Mafunzo. Ya ndani ya mbwa. Aliyenijia mimi akilini ni daktari wa mifugo mwenye glavu hadi kiwikoni. Hayo mafunzo ya ndani ya mbwa anapewa nani, utumbo? Figo husimama wima mbele ya jaji? Na mafunzo ya nje ya mbwa, yaani ya manyoya na mkia, yana kituo chake au wanachangia hicho hicho?

Usiseme "lakini nilimaanisha". Sikio la Mswahili haliulizi ulimaanisha nini. Likisikia "ndani ya" linangoja kitu chenye tumbo: ndani ya chungu, ndani ya nyumba, ndani ya mtumbwi. Ukishaliwekea mbwa hapo mbele, limemfungua mbwa. Najua kuna watakaokushauri ugeuze, useme "mafunzo ya mbwa ya ndani". Wapuuze. Hapo umemtoa mbwa kwenye meza ya upasuaji ukamtia kwenye fumbo, kwa sababu neno "ndani" likiachwa peke yake lina kazi nyingi kuliko mjakazi wa harusi.

Nguo za ndani unazijua. Wizara ya Mambo ya Ndani unaijua pia, na mambo yake ni polisi na magereza. Ndiyo maana mtu "akiwekwa ndani" hatumpelekei pongezi. Mapato ya ndani ni ya nchi. Mtalii wa ndani hupanda Kilimanjaro, upepo unamchapa, theluji iko juu yake, anga lote ni lake, na bado ni wa ndani! Na sisi wa pwani tuna ndani nyingine kabisa: mwali akivunja ungo huwekwa ndani, akaletewa somo wa kumfunda. Hayo ndiyo mafunzo ya ndani tuliyoyakuta. Bibi yangu, Mungu amrehemu, angesikia mbwa amepelekwa kwenye mafunzo ya ndani, angeuliza kungwi wake ni nani na ngoma ni lini. Kisha angeuliza jambo zito zaidi, mbwa kaingia ndani kufanya nini, maana kwake paka ndiye wa ndani na mbwa ni wa uani.

Ugonjwa wenyewe chanzo chake ni tafsiri ya haraka. Kiingereza kina neno moja fupi, "indoor", la kitu kinachofanyika chini ya paa, na mfasiri mwenye haraka akaona "ya ndani" inatosha. Ndipo tukapata "michezo ya ndani". Nenda kwenye bonanza lolote la watumishi uitazame orodha ya hiyo michezo ya ndani: bao, karata, drafti. Mimi bao nimelicheza tangu sijaota ndevu na sijawahi kulicheza ndani. Bao ni barazani, chini ya mwembe, watu wamekuzunguka wanakufundisha namna ya kushindwa. Mchezo umekaa nje tangu tuujue, leo umeingizwa ndani kwa kalamu.

Dar es Salaam tuna Uwanja wa Ndani wa Taifa. Huo nimeuachia. Jina likishapakwa rangi ukutani huzoeleka kama jino bovu, unatafunia upande wa pili tu.

Sasa tuje ukumbini kwako. Utanijibu kwamba hilo paa lina maana, na hapo una haki. Maonyesho ya mbwa ya Crufts yalianza London mwaka 1891 kwenye jumba la maonyesho ya kilimo, Islington, na tangu 1991 yako kwenye kumbi za NEC, lile jumba kubwa la maonyesho hapo hapo mjini kwenu, siku hizi mwezi wa Machi wakati nje hakukaliki. Mbwa aliyezoea nyasi akitiwa humo ghafla, sakafu inateleza, vipaza sauti vinanguruma, makofi yanarudi kutoka darini, basi ananywea na mkia unaingia miguuni. Hivyo ni lazima azoezwe chini ya paa, juu ya mikeka ya mpira: aende moja kwa moja na kurudi, azunguke pembetatu, asimame miguu minne sawasawa bila kusukumwa, na jaji akimfunua midomo kuangalia meno asimng'ate. Mbwa mdogo hupandishwa mezani akapapaswa huko huko juu. Huko Nairobi, klabu ya East Africa Kennel Club inapofanya maonyesho yake kwenye viwanja vya Jamhuri, mbwa hukimbizwa juu ya majani, na hapo hakuna wa kuuliza habari ya ndani.

Haya yote, ukiyatazama vizuri, ni mazoezi. Mbwa hapewi cheti, hapewi somo, anazoezwa. "Kufunza" sikukatazi, ila ujue kwamba kwenye ukucha wa mbwa funza ni mdudu, na ukiandika "mbwa wana funza" kwa kuacha nafasi pasipostahili, wageni wako watakuja na pini.

Na paa lishasemwa na neno "ukumbi". Zamani ukumbi ulikuwa sehemu ya mbele ya nyumba, anapopokelewa mgeni kabla hajafika kwa wenye nyumba. Kumbi nayo ni pale wanapokaa wavulana wa jando na kufundwa. Hakuna ukumbi usiofunikwa. Kusema "ukumbi wa ndani" ni kusema maji ya majimaji.

Kituo pia kifute. Kituo ni mahali palipotulia: cha basi, cha polisi, cha afya. Chumba cha kanisa mnachoazima Jumanne, Jumatano kikarudi kwa kwaya, hakijawa kituo.

Kiswahili kinayo kauli ya kutendea, iliyotengenezwa kwa kazi hii hii, nasi tunaipita kama hatuioni. Kisu cha kukatia, kuni za kupikia, chumba cha kulalia. Hatusemi "chumba cha usingizi wa ndani ya watu". Basi andika: "Ukumbi wa kuzoezea mbwa wa maonyesho". Ukihamia uwanjani kiangazi, andika "uwanja wa kuzoezea mbwa". Ukitaka kufupisha, "mazoezi ya mbwa, ukumbi wa kanisa, Jumanne jioni", na kila Mswahili wa Birmingham atajua aje na kamba na mfuko wa kuzolea kinyesi. Kuzolea, umeona? Hata kwenye uchafu kauli hiyo ipo kazini.

Pale mbwa anapozungushwa mbele ya jaji, bintiyo akipaita "ringi" mwache. Mimi ningesema "ulingo", ingawa ulingo wa asili ni kile kichanja cha shambani cha kuamia ndege, na wanamasumbwi walishautwaa kabla yetu. Mbwa wa shamba alikaa chini yake akingoja ngedere, kwa hiyo naye ana haki yake pale.

Ninyi wa "maonesho" mnaonyoosha mikono huko nyuma, ishusheni. Leo si zamu yenu.

Jambo la mwisho, ndugu wa Birmingham. Kwenye barua yako uliandika "mbwa yake". Nimeisahihisha kimyakimya kabla ya kuichapisha, mkeo asije akapata la pili.