Pikapu iliyopata ajali hujengwa kuanzia uvunguni

Masika yakikaribia, hunijia vijana wawili watatu hapa Ngamiani, Tanga, na picha ya pikapu kwenye simu. Mara nyingi ni Hilux ya zamani iliyobingirika. Bei imeshuka, injini inawaka, muuzaji anasema kilichoumia ni bodi tu. Wanataka iwe gari la porini, la kupandia milima ya Amani udongo ukiwa umeshakuwa utelezi, la kufika Mkwaja na Saadani ule udongo mweusi ukinata kama ugali kwenye tairi. Swali lao la kwanza ni tairi kubwa kiasi gani zitaingia. Mimi huwauliza: umeshalala uvunguni ukaiangalia?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi sikulala. Pikapu ya kwanza niliyojenga ilikuwa LN106 dabo kabini, yenye injini ya 3L ya dizeli na ekseli ya mbele ya mtulinga mmoja, yaani chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, juu ya springi za vyuma bapa. Ilikuwa imetoka barabarani ikalalia ubavu wa kulia. Tulinyoosha paa, tukabadilisha milango miwili, tukapiga rangi, nikafunga springi mpya na tairi mpya. Safari ya kwanza kwenda Muheza ilivuta kushoto njia nzima. Nikapeleka alaimenti mara mbili, ikaendelea kuvuta, na tairi za mbele zikaanza kuliwa upande. Hatimaye nilipopima chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, mshazari mmoja wa kona hadi kona ulikuwa umezidi mwenzake kwa milimita 18. Kabini ikashushwa, rangi mpya ikakwanguliwa, kazi ikaanza upya. Niliilipia kazi ile ile mara mbili, na sitaki na wewe, mdogo wangu, uilipie hivyo.

Kwa hiyo nitakaa sana kwenye chesisi. Huhitaji mashine ya gharama kujua kama imepinda. Unahitaji sakafu ya saruji iliyo sawa, timazi, chaki, uzi, futi ya chuma na mpira wa maji wanaotumia mafundi waashi kupimia levo. Weka gari kwenye stendi imara, siyo kwenye jeki. Chagua matundu ya kiwandani yanayolingana kushoto na kulia: ya bolti za springi za mbele, ya mabano yanayobeba kabini, ya bolti za springi za nyuma. Usipimie kwenye bampa wala bodi, maana hizo zenyewe zinaweza kuwa zimesogea. Kutoka kila tundu shusha timazi mpaka sakafuni, uweke alama ya chaki. Pata jozi nne angalau, kisha ondoa gari.

Sasa sakafuni una ramani ya chesisi yako. Pima mshazari kutoka kushoto ya jozi ya kwanza hadi kulia ya jozi ya pili, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vinatakiwa vilingane. Endelea hivyo kwa kila jozi zinazofuatana, halafu upime mshazari mrefu kutoka mbele kabisa hadi nyuma kabisa. Baada ya hapo tafuta katikati ya kila jozi na utandaze uzi: alama zote za katikati ziwe juu ya uzi. Zikitoka, chesisi imekunjwa kwa upande hata kama mishazari inakaribiana. Jambo la tatu ni kujinyonga, na hilo sakafu haikuonyeshi. Hapo ndipo mpira wa maji unapofanya kazi: kabla hujaliondoa gari kwenye stendi, shikilia ncha moja kwenye tundu la kushoto na nyingine kwenye la kulia, usome maji. Ukiona mbele kulia kuko chini na nyuma kulia kuko juu, chuma kimesokotwa. Mimi kwa gari la kazi la umri huo nakubali tofauti ya milimita 3, na kwa shingo upande 5. Ikizidi hapo, irudi kwa fundi mwenye mashine ya kuvutia chesisi kabla hujanunua hata nati moja. Kuvuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye mwembe nimekuona, na sikushauri.

Ukimaliza kupima, chukua nyundo ndogo. Gari lililoishi Tanga limekula chumvi, na likiwa limebeba samaki au limepita ufukweni mara kwa mara, chumvi hiyo imejaa ndani ya chesisi, mahali jicho halifiki. Gonga polepole mstari mzima. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinajibu kwa sauti ya bati lililojaa mchanga. Kaza macho pale chesisi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma na kwenye mabano ya springi za nyuma, kwa sababu tope hukaa hapo na kulowana muda mrefu. Ukiona mtu amepaka lami nyeusi nzito juu ya chesisi ya gari analouza, kwangua. Lami juu ya kutu huifungia unyevu ndani.

Palipopasuka, usikubali ufa ujazwe moto wa kuchomelea na kupigwa grenda tu. Kwanza toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, kisha ufa wenyewe uchimbwe, uchomelewe, na uwekewe sahani ya chuma ya unene unaokaribiana na chesisi. Sahani hiyo isikatwe kama boksi. Ncha zake zichongoke kama za kashata iliyokatwa mshazari, kwa sababu mstari wa moto unaopita wima moja kwa moja hugeuka kuwa mahali papya pa kukatikia. Ukingo wa juu na wa chini wa chesisi uuachie: usiutoboe, usiuchomelee kwa mstari unaoukata kwa upana. Halafu uliza fundi anatumia rodi gani ya kuchomelea. Nyingi zilizopo mitaani ni 6013, nzuri kwa mageti na madirisha. Chesisi inataka 7018, na 7018 inataka kuwa kavu. Kwa unyevu wa hewa yetu ya pwani, pakiti iliyofunguliwa wiki iliyopita ikakaa juu ya rafu tayari imenyonya maji, na moto wake utakuwa na vitundu ndani usivyoviona. Afadhali usubiri fundi mwenye boksi la kukaushia. Kabla ya rodi kugusa chuma, toa waya za betri, toa waya za alteneta, toa tangi la mafuta.

Kuna jambo moja la makaratasi lisilosubiri. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na kadi ya gari kabla hujalipa, na ikae safi, isichomelewe wala kupigwa grenda. Ukibadilisha injini au rangi, peleka taarifa TRA, mamlaka ya mapato, kadi irekebishwe. Gari zuri lenye kadi isiyolingana utalilaza nyumbani au kituoni.

Ekseli nazo hupinda. Ya nyuma ipime kwa futi: umbali kati ya tairi mbili upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, kwenye urefu wa kitovu cha gurudumu. Visipolingana, nyumba ya difu (gia za katikati ya ekseli) imepinda, au ringi, na utajua ni ipi kwa kuzungusha gurudumu na kupima tena. Mbele, inua gurudumu ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi za kingi pini, pale gurudumu linapogeukia kukata kona, au za gurudumu zimekwisha. Ukiona mchanganyiko mweusi wa grisi na oili unatiririka ndani ya ringi, sili ya ndani ya ekseli imekufa: oili ya difu imeingia kwenye kifundo, imeyeyusha grisi ya jointi, na sasa inatafuta njia ya kwenda kwenye breki. Fungua pande zote mbili, badilisha sili na beringi kwa pamoja, weka grisi mpya. Ni kazi chafu ya siku nzima na usiirukie.

Sasa kuinua gari, ambako ndiko kila mtu anataka kuanzia. Inchi 2 zinatosha. Nimeendesha njia zetu za mlimani na za pwani, na sijaona mahali ambapo inchi 4 zilinipitisha pale 2 zilipogoma, ila nimeona gari refu likilala ubavu. Na hata hizo 2 zina madai yake. Mipira ya breki iwe mirefu kiasi cha kutosha ekseli ikining'inia. Shokapu ziendane na urefu mpya, la sivyo zenyewe ndizo zitakazozuia springi kushuka, na zitang'oka. Krosi za propela, yaani jointi za shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, zichunguzwe kwa pembe mpya. Ukiinua kwa shakeli ndefu mbele, vile vipande vinavyoning'iniza springi kwenye chesisi, ekseli inazunguka kidogo na stelingi inaanza kutangatanga kwenye lami, kwa hiyo mimi hutumia springi zenye tao kubwa zaidi na shakeli za urefu wa kawaida. Yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli ziwe mpya kila zinapofunguliwa, kwa sababu ya zamani imeshavutika.

Na kuna kitu ambacho mafundi wengi hukiacha. Nyuma, kati ya chesisi na difu, kuna vali ya breki yenye fimbo. Inapima mzigo kwa umbali ulio kati ya vitu hivyo viwili: gari likibebeshwa, umbali unapungua, vali inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua gari bila kurekebisha mkono wa fimbo hiyo, vali inaamini gari ni tupu kabisa, na breki za nyuma zinafanya kazi nusu nusu. Fikiria unashuka kutoka Amani na mzigo wa viungo nyuma. Bano la fimbo linapandishwa kwa kiasi kile kile ulichoinua springi. Ni kipande cha chuma na bolti mbili.

Tairi, kwa Hilux ya aina hii, 7.50R16 nyembamba na ndefu inakata tope ikafika chini kwenye kigumu kuliko tairi pana inayoelea juu ya utelezi. Mchangani mambo yanabadilika, na dawa yake ni upepo: shusha mpaka psi 18, ukikwama zaidi 15, na ujaze tena kabla ya kurudi lami. Beba pampu yako mwenyewe. Usitegemee kuomba Mkwaja.

Injini ya dizeli ya zamani inauawa na joto kuliko na kitu kingine. Mtu atakushauri utoe thamostati kwa sababu nchi yetu ina joto. Usitoe. Bila thamostati injini haifiki joto lake kwenye mteremko na asubuhi ya Lushoto, inakula mafuta na kuchakaa. Gari likichemka, tafuta sababu: rejeta imeziba, feni imelegea, mfuniko wa rejeta hauhimili presha, hedi gasketi. Na usijaze maji ya kisima cha huku pwani. Yana chumvi, yanakula alumini ya pampu na kuziba rejeta. Tumia kuulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi.

Bomba la kuvutia hewa juu linapendeza kwenye picha, lakini lina thamani sawa na kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Jaribio ni rahisi: injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, ziba mdomo wa juu kwa kiganja au kibao. Injini ikipaliwa na kuzimika, viungo vimeshika. Ikiendelea kunguruma, kuna tundu chini ya boneti na maji yatapita hapo hapo. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo yakiingia kwenye silinda koni rodi inapinda papo hapo. Vipumulio vya difu na giaboksi navyo virefushwe kwa mpira mpaka juu ndani ya boneti. Difu yenye moto ikitumbukia kwenye maji baridi ya mto inapoa ghafla na kuvuta chochote kilicho karibu na sili zake. Ukivuka, kesho yake fungua nati ya kujazia: oili yenye rangi ya chai ya maziwa inamwagwa siku hiyo hiyo.

Umeme nitaupita haraka. Waya mpya ya ethi kutoka injini hadi chesisi, mahali palipokwanguliwa rangi. Fyuzi kwa kila taa uliyoongeza. Na hakuna waya uliofungwa kwa selotepu karibu na ekzosi.

Kulabu za kuvutia zifungwe kwenye chesisi kwa bolti zenye alama ya 8.8 au zaidi kichwani, mbili kila upande. Kamwe usivute gari lililokwama kwa kufunga kamba kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kuvutia trela. Kichwa hicho kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wanaokuja kusaidia husimama karibu.

Rangi na bodi vije sasa, baada ya yote hayo. Kwa uvungu, brashi ya waya, redoksaidi ya kuzuia kutu, kisha rangi ngumu. Oili chafu ya injini wanayonyunyizia wengi inalainisha bushi na mipira.

Safari ya kwanza iwe Pongwe na kurudi, bila mzigo. Gusa kila kitovu cha gurudumu kwa mkono: kinachounguza kina breki inayoshika au beringi iliyobanwa kupita kiasi. Kaza yu-bolti upya. Safari ya pili Muheza, ukaze tena. Ya tatu ndiyo upande Amani, siku kavu, na mwenzako nyuma mwenye gari lake. Ukirudi, osha uvungu kwa maji baridi ya bomba, uchukue tochi, ulale tena palepale ulipolala siku ya kwanza na chaki.