Ukikutana na sanamu ya Kigiriki, anza na miguu

Mara ya kwanza nilipoingia Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens nilitoka na picha zaidi ya mia kwenye simu, na jioni mtu aliponiuliza nimeona nini nikakosa la kusema. Nilikuwa nimetazama nyuso tu. Mara ya pili nilikwenda na dada yangu, fundi cherehani, nikajiwekea sharti: mbele ya kila sanamu, kwanza nitafute uzito wa mwili umeegemea wapi. Sharti hilo ndilo ninalokupa wewe unayepanga kwenda, au hata unayetazama picha ukiwa nyumbani.

Usiruke zile za zamani. Humo Makumbusho ya Taifa kuna kijana wa marumaru aliyetoka Sounion, rasi iliyo kusini mwa Athens, wa karibu mwaka 600 KK, kimo chake kama mita 3. Wakati huo Wagiriki walishakuwa wakienda Misri kufanya biashara na kupigana kama askari wa kukodiwa, na wachongaji wao wakachukua mkao wa sanamu za kule: mikono imebanwa mapajani, ngumi zimefumbwa, mguu wa kushoto mbele. Ila Mgiriki alimwacha kijana wake uchi, akaondoa na lile jiwe ambalo Mmisri huliacha nyuma ya mgongo ili limshikilie. Sasa inama utazame chini. Mguu umetangulia, lakini nyayo zote mbili zimelala chapa na nyonga ziko sawasawa. Piga hatua moja hapo ulipo, mkono ukiwa kiunoni, uone kama nyonga zako zitakubali kukaa hivyo.

Mbele kidogo yupo Kroisos, wa karibu mwaka 530 KK. Mkao ni uleule, ila mapaja yamejaa, mashavu yana nyama, na mdomoni kuna lile tabasamu la wakati wao. Maandishi ya kaburi lake yanamwomba mpita njia asimame, aomboleze, kwa sababu kijana huyu aliuawa vitani akiwa mstari wa mbele. Mimi nilisimama. Baada ya hapo sikuweza tena kumwita "mfano wa mtindo wa kale", kama vitabu vinavyomwita.

Kisha nenda Makumbusho ya Akropoli, kilima cha mahekalu mjini humo, umtafute Kijana wa Kritios (jina la mchongaji anayedhaniwa kumchonga), wa karibu mwaka 480 KK. Ni mdogo, mita 1.17 tu kwa sehemu iliyobaki, na watu wengi humpita bila kugeuka. Tafadhali usimpite. Nyayo zake zimepotea, mikono imevunjika, macho yamebaki mashimo kwa sababu yalikuwa ya kupachikwa. Lakini uzito uko mguu wa kushoto, nao wa kulia umelegea, goti limekunjika kidogo. Kwa hiyo nyonga ya kushoto imepanda, ya kulia imeshuka, na kichwa kimegeuka kidogo tu. Anasimama kama mtu anayesubiri basi. Tabasamu halipo tena. Waajemi walipoichoma Akropoli mwaka huo wa 480 KK, sanamu nyingi zilivunjwa, na Waathene wakaja kuvizika vipande mlemle kilimani. Nikimtazama huyu naona miaka mia na zaidi ya patasi imeishia kwenye upande mmoja wa kiuno.

Dada yangu yeye alisimama muda mrefu kwa Nike, mungu wa kike wa ushindi, anayeshughulika na kiatu chake, jiwe lililochongwa mwishoni mwa karne ya 5 KK kwa ajili ya ukuta mfupi wa hekalu la Athena Nike. Kichwa hakuna. Amesimama kwa mguu mmoja, na kitambaa kimegandana na mwili kama kimelowa. Dada akanionyesha kwa kidole, bila kugusa: "Tazama mikunjo, yote inaelekea panapovuta goti. Huyu aliyechonga alishawahi kushika kitambaa." Tangu siku hiyo huwa nasoma nguo kwanza pale miguu inapofichwa.

Jambo moja zaidi: zunguka nyuma. Sanamu nyingi mashuhuri zilikuwa za shaba, zilizomiminwa kwa njia ya nta (nta huyeyushwa itoke, shaba ikachukua nafasi yake), zikiwa na uwazi ndani, na karibu zote ziliyeyushwa baadaye. Tulichobakiwa nacho mara nyingi ni nakala za marumaru. Marumaru ni nzito na vifundo vya miguu ni vyembamba, hivyo mwenye kunakili huongeza kisiki cha mti ubavuni. Rudi Makumbusho ya Taifa umwone Diadoumenos, kijana anayejifunga utepe kichwani, aliyepatikana kisiwa cha Delos, nakala ya marumaru ya kazi ya shaba ya mchongaji Polykleitos: kisiki kipo, kimefunikwa joho na podo la mishale. Kiondoe kwa mawazo, nawe utamwona yule wa shaba.

Kisha nenda kwa sanamu ya mungu iliyopewa jina la rasi ya Artemision, shaba halisi ya karibu mwaka 460 KK, iliyotolewa baharini mwaka 1926 na 1928. Mikono ameitanua zaidi ya mita 2, kisigino cha kulia kimeinuka, na hakuna kisiki popote. Wengine hubishana kama ni Zeus au Poseidon, maana silaha imepotea. Dada yangu alichuchumaa akakitazama kile kisigino mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga.