Maswali ya gitaa: niambie kwanza unapiga wapi, ndipo tuzungumze wati

Safari hii karibu barua zote zinauliza amplifaya. Nimechukua zile ambazo jibu lake litawafaa na wengine.

Shikamoo mwalimu. Amplifaya ya wati ngapi inatosha? (Mbagala)

Marahaba. Inatosha kwa kazi gani? Swali hili naletewa kila mara, na kila mara linakuja tupu: halina gitaa, halina ukumbi, halina bendi. Anayejifunza chumbani na anayesimama mbele ya dramu, tumba na tarumbeta mbili hawapewi jibu moja. Tafadhali, ukiandika tena, sema unapiga wapi na unapiga na nani.

Wati zikiongezeka mara mbili, sauti haiongezeki mara mbili. Ukitoka wati 50 ukaenda 100 umeongeza desibeli 3 tu. Sikio linatambua tofauti, lakini ni ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu, unahitaji wati takriban mara 10. Halafu kuna spika, ambayo hakuna anayeniuliza. Spika inayotoa desibeli 100 kwa wati 1 inaipita ya desibeli 97 kwa kiasi kilekile ambacho ungepata kwa kuongeza wati mara mbili, na amplifaya yako hujaigusa. Zile namba za maelfu zilizobandikwa kwenye masabufa, zenye herufi PMPO, usizihesabu kabisa.

Chumbani, wati 10 zinakutosha na kubaki. Ukiwa na dramu nyuma yako, tafuta ya transista ya wati 60 hadi 100 yenye spika ya inchi 12.

Napigia kwaya Ubungo. Gitaa naliingiza kwenye mixa moja kwa moja. Sauti safi inakuwa butu, na nikiwasha pedali ya distoshani inalia kama nyuki kwenye kopo. Ninunue pedali gani? (Ubungo)

Usinunue pedali. Unachokosa ni spika ya gitaa.

Pikapu za gitaa, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zinataka kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, kama omu milioni 1. Tundu la laini la mixa huwa na omu elfu 10 hivi. Hapo trebo inafia njiani, ndiyo maana sauti safi imekuwa butu. Nyuki nao wana asili yao. Distoshani, yaani kuikoromesha sauti makusudi, huzaa sauti nyingi za juu zenye mikwaruzo. Spika ya gitaa ya inchi 12 hupoteza nguvu baada ya hezi 5,000 au 6,000, kwa hiyo inazichuja na kubakiza mngurumo mtamu. Spika za ukumbi zina honi inayopanda hadi hezi 15,000 na zaidi, nazo zinakumwagia uchafu wote masikioni.

Weka amplifaya ndogo jukwaani, egesha maikrofoni karibu na koni, kando kidogo ya katikati, kisha sauti hiyo ndiyo uipeleke kwenye mixa. Kama kanisa halina nafasi, tafuta kifaa kinachoiga spika ukiweke baada ya pedali.

Niseme na ambalo hukuuliza, kwa sababu linaniuma. Nimeingia kumbi nyingi za mji huu nikakuta magita matatu yote yamechomekwa kwenye mixa, jukwaani hakuna amplifaya hata moja, na mpiga solo anajisikia kupitia monita ya mwimbaji. Halafu tunashangaa magita yote yana sauti moja. Gitaa la umeme bila amplifaya yake ni nusu ya ala, na hiyo nusu nyingine tumemkabidhi fundi mitambo ambaye ana maikrofoni kumi za kuangalia.

Valvu au transista, ipi bora? (Temeke)

Bora kwa sauti ipi? Ukitaka amplifaya ikorome kidogo kila unapokaza mkono, valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani yake. Ukitaka usafi, uzito mdogo wa matunzo na kulala usingizi, transista.

Kaka, napiga solo kwenye bendi ya dansi. Nataka mlio kama wa Sikinde na Msondo wa zamani. Mwenzangu ananishauri nitafute amplifaya ya Marshall ya valvu niifungulie hadi mwisho. (Kinondoni)

Mwenzako anakupeleka kwenye muziki mwingine. Marshall zilianza kutengenezwa London mwaka 1962, na sifa yake kubwa ni jinsi zinavyokoroma zikisukumwa. Kwa roki, hapo hakuna ubishi. Dansi letu linadai kinyume.

Sikiliza magita ya Mlimani Park, ndio hao Sikinde, au ya Mbaraka Mwinshehe akiwa Morogoro Jazz. Solo, solo la pili na ridhimu vinapishana kama watu wanaotwanga kinu kimoja: kila noti inaanza wazi, inakatika, inampisha mwenzake. Distoshani inazirefusha noti na kuzibandika pamoja. Magita matatu yakikoroma, hakuna tena mazungumzo.

Kwa hiyo unachohitaji ni amplifaya inayobaki safi hata ikiwa juu. Za mfano ziko mbili. Fender Twin Reverb ya Marekani, iliyotoka 1963, ya valvu, wati 85, spika mbili za inchi 12, na mwangwi wa springi ndani yake. Na Roland JC-120 ya Japani, iliyotoka 1975, ya transista, wati 120 zilizogawanywa kwa spika mbili za inchi 12. Kila moja inakaribia kilo 30, basi panga na usafiri. Usipozipata, chukua ya transista yenye spika ya inchi 12 na uijaribu kwa gitaa lako mwenyewe, volyumu ikiwa zaidi ya nusu. Dukani kila amplifaya ni safi ikiwa kwenye mbili.

Ukishaipata, punguza besi. Wewe una mpiga besi. Midi, yaani sauti za kati, mwachie wa ridhimu, wewe kaa juu yake. Na iinue juu ya kreti la soda au iegemeze nyuma kidogo. Spika ya inchi 12 inarusha trebo kwa mstari mwembamba. Ikiwa chini inapiga mashavu ya miguu yako, wewe unaona haisikiki, unaongeza, na anayeketi meza ya mbele anatobolewa masikio.

Naweza kupigia besi kwenye amplifaya ya gitaa? (Buguruni)

Kwa sauti ndogo chumbani, sawa. Jukwaani utachana koni.

Binamu ameniletea amplifaya ya valvu kutoka Marekani. Je, nikibadilisha plagi tu inatosha? (Sinza)

Hapana! Usiichomeke. Kule ni volti 120, hapa ni 230, na inaweza kuungua mara ile ile. Tafuta transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko matumizi yaliyoandikwa nyuma ya amplifaya, si kuliko wati za sauti. Ya Japani ikiwa ya volti 100, usiipe 120 kwa kudhani ni karibu.

Fyuzi ikiungua weka ya kiwango kilekile, kamwe usifunge karatasi inayong'aa ya paketi ya sigara. Amplifaya ya valvu usiiwashe bila spika, utaua transfoma ya kutolea sauti. Na usifungue kasha, hata ukiwa umechomoa: ndani hubaki volti zaidi ya 400 zinazoweza kukuua.

Nyaya za ukumbi usio na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, nazo ziogope. Mimi nilipigwa mdomoni na maikrofoni huku nimeshika nyuzi, nikaanguka magoti mbele ya watu. Tangu siku ile natembea na testa mfukoni.

Mwanangu ana miaka 15, anataka amplifaya kubwa na majirani wamechoka. (Mama, Tabata)

Mama, mnunulie yenye tundu la hedifoni. Boss Katana 50, kwa mfano, ina spika ya inchi 12 na inashuka hadi wati nusu, kwa hiyo hataizidi umri haraka. Aende na gitaa lake dukani, achague kwa sikio lake.

Nobu zinakwaruza nikizizungusha. Nahamia Kigamboni karibu na bahari, itakuwaje? (Kurasini)

Itazidi. Hewa ya chumvi inakula jeki na nobu. Zima, chomoa, pulizia dawa ya kusafishia kontakti kidogo penye nobu, zungusha mara ishirini, subiri ikauke. Si mafuta ya cherehani. Na usiku ifunike kwa kitambaa cha pamba, siyo nailoni, maana nailoni inafungia unyevu ndani.