Je, nimzuie kuwaona watoto hadi alipe matunzo?

SWALI: Mahakama ilipovunja ndoa yetu mwaka jana, ilinikabidhi watoto wetu wawili, wa miaka 5 na 9, ikamwamuru baba yao atoe matunzo kila mwezi na kumruhusu awaone "kwa nyakati zinazofaa". Huu ni mwezi wa tatu hajatoa chochote, lakini huja bila taarifa, pengine saa tatu usiku, na tunaishia kugombana mlangoni huku watoto wakilia. Je, naweza kumzuia asiwaone mpaka alipe? (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

JIBU: Pole sana, dada. Una haki ya kuumia, lakini jibu ni hapana. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinataja haki za mtoto ambaye wazazi wake wametengana, na humo humo matunzo na elimu ya kiwango alichokizoea vimewekwa pamoja na haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi asiyeishi naye, ilimradi masomo yake yasivurugike. Haki zote hizo ni za mtoto. Baba akimnyima moja nawe ukamnyima nyingine, mtoto amepoteza zote, na wewe utakuwa umevunja amri ile ile unayotaka baba aitii.

Kuhusu matunzo, rudi katika mahakama iliyotoa amri ukaombe itekelezwe, na uende na kumbukumbu za malipo ya simu zinazoonyesha alilipa lini mara ya mwisho.

Kinachonisumbua zaidi ni yale maneno "nyakati zinazofaa". Wazazi wanaoelewana huyatumia bila shida, lakini kwa wasiosalimiana kila mmoja huyatafsiri apendavyo, ndiyo maana saa tatu usiku kwake inafaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kubadilisha amri ya malezi pale hali inapobadilika kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo eleza jinsi ugomvi wenu unavyowaathiri watoto, kisha uombe amri inayotaja siku, saa ya kuwachukua na ya kuwarudisha, mahali pa makabidhiano, mgawanyo wa likizo na sikukuu, na hata nani atalipa nauli. Onana mapema na Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu, kwa sababu mahakama inaweza kumwagiza achunguze mazingira ya nyumba zote mbili na kuwasilisha taarifa. Maoni ya mtoto wako mkubwa yanaweza pia kusikilizwa. Nakusihi usimfundishe la kusema.

Ikiwa baba huwapiga watoto, hapo jambo ni jingine: toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na uiombe mahakama iamuru awaone mbele ya mtu mwingine tu.

Mkiwa mnasubiri, makabidhiano yasifanyike tena mlangoni kwako. Tafuteni bibi au shangazi mnayemheshimu nyote, watoto wachukuliwe na kurudishwa kwake, na habari za ada au dawa mwandikiane kwa ujumbe wa simu, asitumwe mtoto kuzipeleka.